Ubao wa Mwalimu: "Mama, x ni ngapi?"

Mwezi huu nimeziweka kando barua za mitihani ya shule, nimechukua nne za watu wanaofundisha watoto nyumbani. Zote zimekwama mahali pamoja, kwenye aljebra. Darasani nilikaa miaka 31 nikifundisha hisabati hapa mkoani Tanga. Kufundisha nyumbani nilikuanza Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona na wajukuu watatu wakahamia sebuleni kwangu mpaka mwisho wa Juni. Mengi ninayojibu leo nilijifunza kwenye mkeka ule, si ubaoni.

"Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka 13. Nilimtoa shule kwa sababu ya pumu, namfundisha mwenyewe, huu ni mwaka wa pili. Hesabu za kawaida hazimpi taabu, hata tukienda soko la Kongowea yeye ndiye anayenihesabia chenji. Lakini tangu tuingie aljebra ni machozi. Nikimwandikia 3x + 5 = 20 ananiuliza, 'Mama, x ni ngapi?' kana kwamba ninaijua na ninamficha. Kila akiandika mstari mmoja hunitazama usoni kabla ya kuandika wa pili. Juzi aliandika 3x = 25, nikakunja uso kidogo tu, akafuta yote. Mimi mwenyewe hisabati ilinishinda. Nimtafutie mwalimu wa kumlipa?" – Mama wa watatu, Kisauni, Mombasa

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wa kulipwa usimtafute bado. Umeandika jambo kubwa katikati ya barua ukalipita haraka, kwamba binti anakutazama usoni. Tatizo liko hapo kuliko kwenye x. Darasani mtoto anaweza kuchungulia daftari la jirani, akabishana naye, akagundua wote wawili wamekosea. Nyumbani ana uso mmoja tu, wa mama yake, na mtoto mwerevu hujifunza kuusoma uso huo haraka kuliko kitabu. Matokeo yake kila hatua inaamuliwa na wewe. Mpe hakimu mwingine. Aljebra inaye hakimu wake humo humo ndani: ukishapata jibu, unalirudisha pale x ilipokuwa, unakokotoa upya, unaona kama pande mbili zinalingana. Insha haina bahati hiyo. Mtoto akiandika insha lazima amsubiri mtu amwambie kama ni nzuri. Mlinganyo unamjibu mwenyewe, hata kama wewe uko jikoni.

Kabla ya hapo, mpime kitu kimoja kesho asubuhi. Mwandikie hivi, bila kumweleza lolote:

8 + 4 = ___ + 5

Akijaza 7, vizuri. Akijaza 12, usishtuke, na tafadhali usikunje uso. Wengi hujaza 12, hata wanaohesabu chenji upesi kama yeye. Miaka yote ya hesabu ndogo ameiona alama ya = ikiwa na maana moja tu, "sasa andika jibu." Anasoma nane na nne ni kumi na mbili, anaandika, anamaliza. Hajui kwamba alama ile inasema kilicho kushoto na kilicho kulia vina thamani moja. Mtoto wa namna hiyo ukimpa 3x + 5 = 20 anaona jibu limeshaandikwa, 20, halafu bado anaulizwa swali. Ndiyo maana anadhani unamficha kitu. Kaa naye hapo wiki nzima ikibidi. Mpe 9 + 6 = 10 + ___, mpe 20 − 3 = ___ + 8, mpe hata 7 = 7, halafu mwulize kama imeandikwa sawa au imekosewa. Utashangaa watoto wangapi husema imekosewa kwa sababu "hakuna hesabu."

Baada ya hapo ndipo ulete vibiriti. Nitakueleza nilivyofanya na mjukuu wangu wa kati, aliyekuwa na miaka 12 wakati ule. Nilitandika mkeka, nikalaza kamba ya katani katikati. Kushoto kwa kamba niliweka viberiti vitatu vilivyofungwa, na maharage matano kando yake. Kulia nikaweka maharage ishirini. Nikamwambia, "Kila kiberiti kina maharage sawa na mwenzake. Upande huu na upande ule maharage yake ni sawa. Niambie kila kiberiti kina mangapi, lakini usifungue."

Alikitikisa kimoja sikioni. Akakirudisha. Akayatoa yale matano ya kushoto, akanitazama. Mimi nilikuwa na ungo wa mchele mapajani, nikaendelea kuchambua, sikuinua kichwa. Akatulia kidogo, kisha akavuta matano na upande wa kulia. Akabaki na vibiriti vitatu huku, maharage kumi na tano kule. Akayagawa mafungu matatu, fungu moja mbele ya kila kiberiti. Akasema "tano," kwa sauti ndogo kabisa, kama anayejiambia mwenyewe. Ndipo nikamwambia afungue. Akafungua cha kwanza, tano. Vile viwili vingine alivifungua bila kuambiwa, akayamwaga maharage yote upande wa kushoto, akayahesabu na yale matano aliyoyatoa mwanzoni: ishirini. "Bibi, nilijua kabla sijafungua."

Hilo la mwisho, la kumwaga na kuhesabu tena, ndilo ninalotaka binti yako alifanye katika kila swali mpaka liwe tabia. Kwenye karatasi linaandikwa 3 × 5 + 5 = 20. (Ukipenda kutumia mizani ya kweli ya sokoni badala ya mkeka, kumbuka kuweka vibiriti vitatu vitupu upande wa pili, maana kiberiti chenyewe kina uzito na kitamharibia hesabu.)

Kuhusu ile x inayomtisha, iondoe kwa muda. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 ambaye kitabu chake ndicho kilicholipa somo hili jina, hakuwa na x. Aliandika hesabu zake kwa maneno, na namba asiyoijua aliiita shay, yaani kitu, au jidhr, yaani mzizi. Kwenye jina la kitabu chake mna maneno mawili: al-jabr, kurudishia kilichopungua hadi kiwe kizima, neno ambalo Waarabu hulitumia hata kwa kuunga mfupa uliovunjika, na al-muqabala, ambalo sisi Waswahili tunalo kinywani kila siku, mkabala. Pande mbili zinazotazamana. Kwa hiyo mwache binti aseme, "Kitu mara tatu, ongeza tano, ni ishirini." Aiseme hivyo, aiandike hivyo kwa maneno, siku tatu nne. Atachoka mwenyewe kuandika "kitu," aanze kuandika k. Siku hiyo amefika aljebra kwa miguu yake, na k ikibadilishwa kuwa x hatajali.

Nakuomba sana ujiepushe na kosa nililolifanya miaka yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi 3m ni maembe matatu na 2n ni nanasi mbili. Walielewa upesi, wakafurahi, nikafurahi. Tulipofika kwenye mafumbo ya bei walipotea wote, kwa sababu herufi haisimami badala ya embe. Inasimama badala ya namba. Kama embe moja ni shilingi m, basi 3m ni bei ya maembe matatu. Ilinichukua muhula mzima kung'oa nilichokipanda.

Na ile 3x = 25? Naona kama binti ameshasikia kanuni ya "vusha upande wa pili," akaivusha ile 5 akasahau kwamba ishara hugeuka. Kanuni hiyo ni ya mkato na ni sahihi, ila mtoto hukumbuka nusu yake. Kwa miezi miwili ya mwanzo kanuni hiyo isitajwe kabisa nyumbani kwako. Aandike wazi kwamba ametoa 5 kushoto na ametoa 5 kulia, kama maharage. Siku akikosea tena mwache aende na kosa lake mpaka mwisho. 3x = 25, kwa hiyo x ni 25 gawanya kwa 3; alirudishe: mara tatu yake ni 25, ongeza 5, ni 30. Mlinganyo ulisema 20. Ataliona mwenyewe, na uso wako hautakuwa umesema kitu.

Kwamba hisabati ilikushinda, safari hii inakusaidia. Mwulize kila mara, "Umejuaje?" Uliza akipata na uliza akikosa, kwa sauti ile ile, ili swali lenyewe lisiwe ishara ya kosa. Akikueleza mpaka ukaelewa wewe, ameelewa. Kitabu cha majibu mpe akae nacho; ukimfundisha kurudisha jibu hatakuwa na haja ya kuchungulia. Na dakika 25 kwa siku zinatosha.

"Assalaam alaykum Mwalimu. Kijana wangu ana miaka 14, twamsomesha nyumbani hapa Muscat kwa mtaala wa Kiingereza. Nyumbani twazungumza Kiswahili, nje ni Kiarabu. Tatizo lake ni namba hasi. −3 − 5 yeye asema ni 8, ati 'hasi na hasi ni chanya.' Jambo la pili: mimi nilisoma Unguja, nilifunzwa MAGAZIJUTO, yeye ana BODMAS, na kila mmoja ashikilia yake. La tatu, nimweleze kwa lugha gani?" – Baba wa kijana, Muscat

Waalaykumu salaam, kaka yangu. Nianze na la tatu. Azungumze hesabu kwa lugha anayogombana nayo na ndugu zake, yaani Kiswahili, halafu aiandike kwa Kiingereza kwa sababu ndicho atakachofanyia mtihani. Usimkatize katikati ya kufikiri ili kumsahihisha neno.

MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) na BODMAS, mwenzake wa Kiingereza, hazina ugomvi. Zote zina mtego mmoja, na ninyi wawili mnaweza kuutafuta pamoja: 10 − 4 + 3. Ukiifuata MAGAZIJUTO herufi kwa herufi, jumlisha inakuja kabla ya toa, utasema 4 na 3 ni 7, kumi toa saba ni 3. Jibu ni 9. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja, na unaanza na kilichotangulia kushoto. Kuzidisha na kugawanya ni vivyo hivyo. Neno hilo la kukumbukia ni zuri kwa mabano tu na kwa kujua kwamba kuzidisha na kugawanya hutangulia kujumlisha na kutoa. Zaidi ya hapo macho yatembee kushoto kwenda kulia.

Sasa namba hasi. Kijana ameichukua kanuni ya kuzidisha akaipeleka kwenye kujumlisha, na kosa lile ni la kawaida sana, kwa sababu walimu huwapa watoto kanuni ikiwa maneno matano yenye mahadhi, nayo inang'ang'ania kila mahali. Mrudishe kwenye daftari la duka. Anadaiwa riali 3, amekopa 5 nyingine. Hawezi kusema sasa ana 8 mfukoni. Anadaiwa 8, yaani −8. Mpe maswali kumi ya daftari hilo hilo, alipe kidogo, akope tena, alipe akazidisha mpaka mwenye duka ndiye awe na deni kwake.

Hasi mara hasi isubiri mpaka hilo litulie. Likitulia, mwandikie ngazi hii ashuke nayo:

3 × (−2) = −6
2 × (−2) = −4
1 × (−2) = −2
0 × (−2) = 0

Mwulize mstari unaofuata, (−1) × (−2), ni ngapi. Jibu linapanda mbili mbili kila hatua, kwa hiyo lazima liwe 2. Hajaambiwa kanuni, ameiona ikilazimika. Ukitaka ya dukani, mwenye duka akikufutia madeni matatu ya riali mbili mbili, umepata nafuu ya sita: (−3) × (−2) = 6.

Kwa kuwa uko huko na nyumba yako ni ya Kiislamu, nakupa fumbo ambalo lingempendeza al-Khwarizmi mwenyewe, maana sehemu kubwa ya kitabu chake ni hesabu za mirathi na wasia. Mwanamke amefariki, ameacha mume na mtoto mmoja wa kiume, hana warithi wengine wala deni. Mume anapata robo, kilichobaki ni cha mtoto. Mtoto amepata riali 900. Mali yote ilikuwa kiasi gani? Kijana aiite mali m, aandike robo tatu ya m ni 900, apate 1,200. Arudishe: robo yake ni 300, ongeza 900, imetimia. Fumbo hili huwa nalipenda kwa sababu mtoto anaona wazi kwamba mtu akikosea hapo, kuna yatima amepunjwa.

"Shikamoo Mwalimu. Wangu ana shida tofauti. Ana miaka 12, ni mwepesi mno. Nikimwandikia x + 7 = 12 anasema tano, basi. Hataki kuandika hatua hata moja. Anasema hatua ni za wasiojua." – Mama wa mwepesi, Arusha

Marahaba. Ana haki. Ukimpa x + 7 = 12 umempa swali lisilohitaji aljebra, halafu unamlazimisha aitumie; hata mimi ningegoma. Mpe hili: 7x − 4 = 3x + 30. Mwache abahatishe dakika tano. Atajaribu 8, aone kushoto 52 na kulia 54. Atajaribu 9, aone 59 na 57. Atakukasirikia aseme swali lako bovu. Hapo ndipo umwonyeshe kutoa 3x pande zote mbili, kisha kuongeza 4 pande zote mbili, 4x = 34, x ni 8.5. Hatua zimemfikisha mahali ambapo kubahatisha kwake kulipapita, kati ya 8 na 9.

Kesho yake mpe la umri. Baba ana miaka 41, mtoto ana 9. Baada ya miaka mingapi umri wa baba utakuwa mara tatu ya wa mtoto? Mlinganyo aupange yeye, wala usimsaidie: 41 + x = 3(9 + x). Angalia kwa makini anapofungua mabano, maana wepesi wengi huandika 27 + x, wanaizidisha namba ya kwanza na kuisahau ya pili. Akifanya hivyo atapata 41 + x = 27 + x, na hapo hakuna x itakayosawazisha pande hizo mbili. Mwache akae nalo. Jibu ni 7: baba 48, mtoto 16.

Na umwombe akutungie la kwake, la umri wenu ninyi wawili. Atakayetunga mlinganyo hawezi kuruka hatua.

"Mwalimu, mdogo wangu ana miaka 17, aliacha shule akiwa kidato cha kwanza kwa sababu za nyumbani. Sasa namfundisha jioni ajiandae kwa Mtihani wa Maarifa (QT), baadaye afanye kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Aljebra yenye sehemu inamvunja moyo kabisa." – Kaka mkubwa, Kigoma

Hongera, mwanangu, kwa kumshika mkono mdogo wako. Kwa umri wake usimpitishe kwenye vibiriti, atajiona anafanywa mtoto. Mpe x/2 + x/3 = 10 umwone anavyofanya. Kama ni wale ninaowafahamu, atajumlisha kiasi (namba ya juu) kwa kiasi na asili (namba ya chini) kwa asili, aandike 2x/5 = 10, apate 25. Usimwambie amekosea. Mwulize tu nusu ya 25 ni ngapi. Kumi na mbili na nusu, peke yake imeshapita 10, na theluthi bado haijajumlishwa. Anajua mwenyewe, bila wewe na bila mwalimu.

Ndipo umkumbushe KDS ya 2 na 3, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, ambayo aliisoma shule ya msingi. Ni 6. Azidishe kila kipande kwa 6, pamoja na ile 10 ambayo wengi huisahau: 3x + 2x = 60, x ni 12. Nusu yake 6, theluthi yake 4. Nunueni daftari la kurasa 96, kila ukurasa mistari ya kazi iwe kushoto na "rudisha" iwe kulia, swali moja ukurasa mmoja, mawili kwa jioni. Kabla ya kumpa milinganyo zaidi, tumieni wiki mbili kwenye sehemu tupu zisizo na herufi. Aanze na 1/2 + 1/3, na asiambiwe jibu.